Maelezo ya Hesabu ya Bi Biasha

Biasha Matano wa Kibuta alikuwa na kasoro moja: akiulizwa jambo, alilijibu. Alipokuwa mwali, shangazi wa kijana mmoja alikuja kumchunguza kabla ya posa, akamwuliza kama kupika anajua. Biasha akasema mchuzi anauweza, ila wali huwa unamshika chini. Posa haikuja. Miaka miwili baadaye akaolewa na Abeid, seremala mpole, aliyesema kuwa yeye ukoko anaupenda.

Kijiji kilipofungua duka la ushirika, Biasha akafanywa mtunza hesabu, kwa kuwa alikuwa amemaliza darasa la nane na mwandiko wake ulisomeka. Wakampeleka kozi ya wiki sita. Akarudi na rula, kalamu nyekundu na neno "mizania", alilolitamka kwa heshima kama anayetaja jina la mkwe.

Mwaka 1979 hesabu za kijiji zilirudishwa kutoka wilayani zikiwa na barua. Barua ilisema hesabu zimejumlishwa vizuri lakini hazina maelezo. Kijiji kieleze kanuni kilizotumia kuthamini mali zake, na kifichue kila jambo ambalo wanachama wanastahili kulijua.

Biasha aliisoma mara tatu. Kesho yake akapanda lori la mihogo hadi Kisarawe mjini kumwuliza mkaguzi mwenyewe, Bwana Telesphory, mtu wa bara aliyevaa suti ya mikono mifupi na kuweka kalamu nne mfukoni.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi. Hii 'kila jambo' ni kila jambo kweli?"

"Marahaba. Kila jambo lenye uzito, Bi Biasha."

"Uzito wa kuanzia kilo ngapi?"

Bwana Telesphory alicheka mpaka akavua miwani. "Si uzito wa mizani, dada yangu. Jambo lina uzito kama mwanachama akilijua atabadili mawazo yake. Kwa mfano, sukari iliyobaki mmeithamini kwa bei ya kununulia au ya kuuzia? Baiskeli ya kijiji mnaihesabu itachakaa kwa miaka mingapi? Na vitu wanavyopewa viongozi na watu wanaowahudumia, hivyo hasa ndivyo vya kueleza."

"Na watu wanaotuhudumia," alirudia Biasha, akaandika.

Alikaa na daftari siku tisa. Abeid alimwona mkewe akienda kupima galoni la mafuta ya taa kwa kijiti, akirudi, akiandika, akifuta. Maelezo yalipotimia kumi, akayapeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hemedi, ayasome kabla ya mkutano mkuu.

Mzee Hemedi alisoma akitabasamu mpaka maelezo ya saba. Hapo tabasamu likamkauka.

"Biasha mwanangu, hii habari ya baiskeli ina haja gani?"

"Mzee, baiskeli za wenzetu zinachakaa kwa miaka mitano. Yetu imekwisha kwa miwili. Bila maelezo watu watadhani nimeiba tairi."

"Andika barabara mbovu."

"Barabara ya kwenda Kurui?"

Mzee Hemedi akatazama mlangoni. Kijiji kizima kilijua kwamba huko Kurui mzee alikuwa na mchumba, mjane mmoja mwenye shamba la minanasi. Aliyekuwa hajui ni mmoja tu, naye alikuwa Bi Zubeda, mkewe wa ndoa ya miaka ishirini na sita.

"Basi," alisema mzee kwa sauti ya kuomba, "yaandike kwa herufi ndogo."

Hilo Biasha alilikubali. Barua haikusema lolote kuhusu ukubwa wa herufi.

Siku ya mkutano hakuweza kula. Alijua anachokwenda kufanya, na alimpenda Bi Zubeda, aliyemsaidia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Alimwambia Abeid kwamba labda achane ule ukurasa mmoja. Abeid alikuwa anapiga randa mlango. Akasema, "Ukiuchana, mwakani utaulizwa uko wapi, nawe utajibu." Ikawa kweli, hapakuwa na njia ya kupita.

Watu walijaa katika darasa la shule mpaka madirishani. Bwana Telesphory alikuwa amekuja mwenyewe, akaomba asome maelezo kwa sauti ili wanachama waelimike.

"Maelezo ya kwanza. Sukari imethaminiwa kwa bei ya kununulia, baada ya kutoa ile inayoingia kwenye chai ya kamati. Kamati hukutana mara moja kwa mwezi. Chai hunywewa kila siku."

Kicheko kikaanzia nyuma. Wajumbe wa kamati wakawa wanaangalia dari.

"Maelezo ya tatu. Mafuta ya taa hupungua kwa kukauka. Imeonekana kwamba hukauka zaidi wiki zenye ngoma. Maelezo ya tano. Mashine ya kusaga imeandikwa kwa bei yake kamili ya kununulia, kwa sababu haijawahi kusaga, na kitu kisichotumika hakichakai."

"Hapo umesema!" akapiga kelele mama mmoja aliyekuwa akitwanga kwa mkono tangu mashine iletwe.

Kwenye maelezo ya saba Bwana Telesphory aliusogeza ukurasa karibu na miwani. "Baiskeli... mbona herufi hizi ni ndogo hivi? Baiskeli imechakaa mapema kwa sababu ya safari tatu kila wiki za Mwenyekiti kwenda Kurui. Safari hizo si za kijiji."

Bi Zubeda akasimama taratibu, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Mwenyekiti," alisema, wala hakumwita baba fulani kama siku zote, "Kurui kuna nini?"

"Kuna... mashauriano."

"Ya kilimo?"

"Ya minanasi," alijibu mzee, na watu wakashindwa kujizuia.

Bi Zubeda hakucheka. "Endelea kusoma, mwanangu," alimwambia mkaguzi. "Tuyasikie yote."

Bwana Telesphory, kwa kutaka kuokoa hali, akaendelea mbio. "Maelezo ya kumi, vitu walivyopewa wanaotuhudumia. Mkaguzi wa hesabu alipofika mwaka jana alipewa jogoo mmoja mwekundu, thamani shilingi ishirini. Jogoo hakuombwa, lakini pia..." Akasita. "Lakini pia hakukataliwa."

Mtu wa dirishani akauliza, "Alikuwa mtamu?"

Kalamu moja ilimdondoka Bwana Telesphory. Aliokota kalamu, akatoa noti ya shilingi ishirini, akaiweka mezani mbele ya Biasha. Biasha akamwandikia stakabadhi pale pale, akaikata, akampa kwa mikono miwili.

"Hili nalo nitalieleza, Bwana Mkaguzi," alisema kwa upole. "Tulifundishwa: tukio lililotokea baada ya kufunga hesabu."

Hesabu zilipitishwa kwa mikono yote, hata mkono wa Mzee Hemedi, aliyeuinua nusu. Mkaguzi akatia sahihi na kuandika chini kwamba katika miaka yake kumi na moja hajaona maelezo kamili kama yale, na asingependa kuyaona tena.

Jioni Biasha alikwenda kwa Bi Zubeda kuomba radhi. Alimkuta anachambua choroko.

"Radhi ya nini?" alisema Bi Zubeda. "Kijiji kizima kilikuwa kinajua, kikaniamkia kila asubuhi. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia." Kisha machozi yakamtoka, wakachambua choroko pamoja.

Mjane wa Kurui, habari zilipomfikia, alituma ujumbe kwamba yeye hakuambiwa kuwa ile baiskeli si ya mzee. Uchumba ukaishia hapo. Bi Zubeda akaingia kwenye kamati ya duka, akawa ndiye mwenye ufunguo wa sukari. Fundi akaja kutoka Mlandizi, mashine ikaanza kusaga, na Biasha akaanza kuipunguzia thamani kwa furaha kubwa.

Uchaguzi ulipofika kila mtu alidhani Mzee Hemedi amekwisha. Alishinda. Walioulizwa sababu walisema yule mwenzake aliyegombea naye alikuwa mtu mzuri, lakini maelezo yake hawajayasikia.