Samaki wa Amana wa Bi Mwanakhamis

Duni, karani mstaafu wa Wete, alimposa Bi Mwanakhamis mpaka soli za viatu zikaisha. Bibi hakukataa, hakukubali. Alipokwenda Umra akamwachia samaki wake wa dhahabu, ndani ya tangi la kioo.

"Amana hii, Duni. Nikirudi nikimkuta mzima, tutazungumza."

Basi samaki akawa mgeni, na mgeni kwetu Pemba halishwi, hushindiliwa. Duni alimtilia mkate asubuhi, chapati adhuhuri. Kila jirani aliyekuja kumtazama alimega mkate wake wa boflo akatia, maana kupita mikono mitupu ni aibu. Samaki akanenepa hata akigeuka maji yanamwagika mpaka kizingitini. Wallahi mie niliteleza. Maji yenyewe yakawa rangi ya supu.

Ndipo mkia ukaanza kuchanikachanika kama kanga kuukuu, ncha nyeupe, mashina ya mapezi mekundu kama yamepakwa hina. Samaki akajibanza pembeni, hataki kula. Jirani yetu Mzee Kificho akasema hilo jicho la watu, akafukiza ubani mpaka paka akapiga chafya. Duni naye, kwa huruma, akazidisha mkate.

Mwisho akaitwa Bi Modester, daktari wa mifugo kutoka bara. Akasema ni bakteria. Wamezaliana kwenye mabaki ya vyakula, sasa wanamla mkia. Akamhamishia mgonjwa kwenye beseni la maji yaliyolazwa ndooni ili klorini, ile dawa ya maji ya mfereji, iishe, akatia unga wa kuua bakteria kwa kipimo, akaonya usikatizwe hata samaki akichangamka.

"Na chakula asipewe mpaka nirudi."

"Mgeni nimlaze na njaa?" Duni akauliza.

"Mlaze, mzee wangu. Au mzike."

Duni akaweka kiti mlangoni, akawarudisha majirani na mikate yao. Mtaa mzima ukamwita bahili. Wekundu ukafifia, na kwenye mkia ukaota ukingo mpya, mwembamba kama ganda la kitunguu.

Mwanakhamis aliporudi, Kificho akadai ni ubani wake ulioponya. Wengine wakadai dua zao. Bibi akautazama ule mkia mfupi, akauliza nani alikuwa akimlisha.

"Nilianza mimi," akasema Duni. "Hawa wakanifuata."

Mwanakhamis akatuzungushia macho mmoja mmoja.

"Ndoa ipo," akasema. "Karamu hakuna."

Tulilia kuliko msibani. Mie nilikwisha fua na kanga ya kwendea.