Mashine Iliyobomoa Jiko la Mama

Kila ninapopita karibu na karakana wanakopasua paini mbichi, ile harufu kali ikiingia puani, mimi sikumbuki misitu. Nakumbuka jiko letu la Mafinga likiwa limebomolewa, vumbi la saruji limejaa hadi kwenye kopo la sukari, na baba yangu amelala kifudifudi sakafuni akiichungulia mashine ya kuoshea vyombo kana kwamba ndani yake kuna mtu aliyemkosea. Siku hizi nacheka. Wakati ule sikucheka hata kidogo.

Kwanza niwaeleze tulivyokuwa. Baba alikuwa seremala. Mama alifuma sweta za wanafunzi. Bibi, mama yake baba, aliishi nasi tangu babu alipofariki. Mimi nilikuwa darasa la tano. Baridi ya Mafinga mnaijua, na kama hamuijui, shukuruni. Kuanzia mwezi wa sita maji ya bomba yanauma kama yana meno, na mama alikuwa na ugonjwa wa vidole. Viungo vilimvimba na kuwa vyekundu, na asubuhi nyingine hakuweza hata kushika sindano ya kufumia. Daktari alimwambia aache kabisa kushika maji ya baridi, la sivyo vidole vingekakamaa na kazi ya sweta angeisahau. Mama akaitikia vizuri, akarudi nyumbani, akaosha vyombo.

Mnashangaa? Nani mwingine angeosha? Tulimchemshia maji, yakapoa kabla masufuria hayajaisha. Nikiosha mimi, Bibi alikagua kila sufuria, akiona ukoko wa ugali pembeni anamwita mama arudie. Baba naye, mbele ya Bibi, hakuruhusiwa kugusa hata kijiko.

"Mwanaume akishika sufuria, ujue mke kamkalia kichwani," Bibi alikuwa akisema, kisha anatusimulia habari za jirani mmoja wa ujana wake aliyekutwa anaosha sahani. Walimcheka kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi mpaka akawa anapita njia ya nyuma kwenda shambani.

Basi Jumamosi moja baba akarudi na pikapu. Mtaalamu mmoja wa misitu, mgeni kutoka nje, alikuwa anarudi kwao, na baba ndiye aliyemtengenezea makasha ya kufungia mizigo. Katika kuagana akampa ile mashine. Majirani walidhani ni friji. Baba alipoeleza kazi yake, walicheka hadi wakashika kuta.

"Inaosha yenyewe?" Bibi aliuliza.

"Yenyewe, Mama."

"Na mke atafanya nini?"

Baba akaomba nyundo.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Jiko letu lilikuwa na meza ya zege ambayo baba aliimwaga mwenyewe tulipohamia, imekaa juu ya miguu ya matofali, chini yake mama akiweka ndoo na mitungi. Kwa akili ya kawaida mashine ingeingia hapo. Haikuingia. Ilizidi nafasi kwa upana wa vidole vitatu. Mtu mwingine angeiacha sebuleni ikafunikwe kitambaa. Baba akachukua tindo, akaanza kuvunja mguu mmoja wa meza.

Mama alisimama mlangoni ameficha mikono kwenye kanga. "Baba Upendo, mwite basi fundi."

"Fundi gani Mafinga hii amewahi kuiona?"

Zege likaanza kushuka upande mmoja. Baba akalishikiza kwa nguzo ya paini, nguzo ikawa ndefu, akaikata, ikawa fupi, akaikaza kwa kabari. Kwa muda wote huo tulipikia nje kwenye mafiga, na vyombo vilioshwa uani penye upepo. Na nani alikuwa anaviosha? Mama yule yule. Nilikasirika jamani. Niliona mashine iliyoletwa kumpumzisha imemwongezea taabu, na baba wala haoni, yuko chini ya meza anapima.

Hatimaye ikaingia. Baba akaunga maji, akachomeka umeme, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka ikiwa na alama ya bomba. Maji ya tenki letu hayakuwa na nguvu, maana tenki lilikaa juu ya matofali machache tu. Basi tenki nalo likajengewa mnara wa mbao. Wanaume wa mtaa wakaja kusaidia kulipandisha, wakala ugali wetu, na sahani zao zikaenda uani kwa mama. Siku iliyofuata mama hakufuma. Alikaa karibu na jiko la mkaa ameinua mikono, na alipotaka kunifunga kifungo cha sweta ya shule, vidole vilikataa. Nilikifunga mwenyewe nikiwa na hasira ya kumtemea mtu mate.

Baba akawasha tena. Safari hii maji yaliingia, tukayasikia. Tukakaa kusubiri. Mashine ikanguruma asubuhi yote, na kila tulipofungua, vyombo vikavu kabisa. Baba akafungua skrubu zote, akafunga, akafungua. Bibi ndiye aliyepiga kelele kutoka nje kwamba mboga zake za chainizi zinaelea.

Hapa kwetu maji machafu ya jikoni hayapotei. Unatoboa ukuta, unapitisha bomba, unayapeleka kwenye bustani ya mboga. Kila nyumba inafanya hivyo, na baba akafanya hivyo hivyo: akachukua mpira wa kutolea maji, akautelemsha chini sakafuni, akaupitisha ukutani hadi bustanini. Hakujua kwamba mpira ule hutakiwa upande juu kwanza ndipo ushuke. Kwa hiyo maji yalikuwa yanaingia mashineni na kutoka papo hapo kwenda kumwagilia mboga. Tenki zima lilikuwa limeishia kwenye chainizi.

Baba alikaa kwenye kinu, matope magotini. Bibi akamwambia, "Mwanangu, acha. Mkeo ana mikono." Nilimwona baba anamtazama mama, halafu mikono ya mama. Akanyanyuka, akaupandisha ule mpira na kuufunga kwa waya chini ya zege.

Jioni ile, tenki lilipojaa tena, sahani zikatoka zinang'aa, zina joto. Mama alizishika moja moja bila kuzipanga, anazishika tu. Bibi akawaita majirani waje waone mtambo wa mwanawe.

Mngedhani shida zangu ziliisha. Wapi! Baba akatoa amri kwamba mtambo ule ni hatari, una umeme na maji pamoja, asiuguse mtu ila yeye. Kila jioni baada ya chakula akachukua vyombo, akamwambia mama aingie naye "amshikie tochi", akafunga mlango. Baada ya muda ukawa haungurumi tena. Alisema ameurekebisha. Nilisimama nje ya mlango nikisikia maji yanatiririka, nimenuna, maana nilitamani sana kubonyeza kile kitufe japo mara moja. Nilimwona baba mchoyo, mpenda sifa, na Bibi alizidi kuniudhi alivyotangaza mtaani kuwa mwanawe ni injinia.

Miaka kadhaa baadaye Bibi alifariki, akazikwa Idodi, kwao. Jioni ya siku tuliyorudi kutoka mazishini, tulikula, baba akakusanya vyombo, akaenda navyo uani, akakunja mikono ya shati akaanza kuosha. Nje bado kweupe, geti wazi. Nilipigwa na butwaa. Nikamuuliza mama, mtambo umeharibika?

"Uliungua hata miezi miwili haujamaliza," mama akasema. "Baba yako ndiye aliyekuwa anaosha. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kigoda, napasha mikono moto."

Miaka yote ile. Mama hadi leo anafuma, na sweta aliyovaa mwanangu shuleni wiki hii imetoka kwenye vidole vile. Nafurahi, lakini nikikumbuka bado hasira inanipanda, na sasa si kwa baba. Nakasirika kwamba mtu mzima alilazimika kuvunja jiko lake, kupandisha tenki angani na kufurikisha bustani, kisha ajifungie na mtambo mbovu kama mwizi, ili tu apate ruhusa ya kumwoshea mke wake sahani.