Spika za Mbao na Saruji ya Mama

Siku ile kwenye duka la redio tulikuwa watano: mimi; mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa kidato cha tatu; kitinda mimba wetu, msichana wa darasa la pili; shangazi yetu, dada wa marehemu baba, aliyekuwa amefika jana yake kutoka upande wa Chemba kununua saruji ya kujengea kaburi la mama; na mwenye duka, kijana wa kandambili na saa kubwa ya rangi ya dhahabu. Mama naye alikuwepo, ndani ya kaseti niliyoifunga kwenye leso.

Kaseti ile ilikuwa ya kwaya ya kanisani kwetu. Waliirekodi mwaka mmoja kabla mama hajafariki, wakaiuza mlangoni baada ya ibada, na mama akanunua yake kwa bei ileile waliyonunulia wengine. Baba alikuwa ameshatangulia. Mama alipomfuata, kitinda mimba alikuwa hajaota jino. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza na sikurudi tena shuleni. Nilianza kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, kazi ambayo ilikuwa nyingi Bunge likikaa, na ya kusuasua wabunge wakiondoka.

Redio yetu ilikuwa na spika moja iliyochoka. Ukiisikiliza kwaya nzima ndani yake ungedhani ni watu wawili wanaimba ndani ya debe. Kitinda mimba alikuwa akiisogelea mpaka sikio liguse plastiki.

"Mama ni yupi?"

"Yumo humohumo."

"Humohumo wapi?"

Sikuwa na pa kumwonyesha. Mama hakuwahi kuimba peke yake hata mstari mmoja. Alikuwa sauti ya pili, katikati ya kinamama wengine. Lakini mimi nilijua alama yake: mama alikuwa akiwahi. Nilikuwa nikimsindikiza mazoezini, na mwalimu wa kwaya alikuwa akiwasimamisha wote na kusema, "Mama, unawahi. Tuwasubiri wenzetu." Mama alicheka, wakaanza upya, akawahi tena. Kwenye wimbo wa tatu, upande wa pili wa kaseti, kabla ya kiitikio kuna kimya kidogo. Nilijua kwamba ndani ya kimya kile mama yumo. Redio yetu ndiyo haikuweza kumtoa. Nikaweka nia ya kununua muziki, kama tulivyoviita vyombo vya spika kubwa, wenye uwezo wa kumtoa, ili mtoto amsikie mama yake angalau mara moja.

Utotoni nilipanga foleni na mama tukisubiri sabuni ambayo wakati mwingine haikufika. Miaka hii maduka yalikuwa yamejaa mpaka bidhaa zinamwagika barazani, na tulichokosa sasa kilikuwa fedha. Kwa miezi mingi, nikitoka kazini kuelekea chumba tulichopanga mtaa wa Area D, nilikuwa nikisimama mbele ya duka lile na kutazama.

"Shikamoo, mama," kijana alimwamkia shangazi tulipoingia siku ile.

"Marahaba, baba. Punguza hiyo kelele ya barazani, masikio nimekuja nayo haya haya mawili."

Nilikuwa nimebakiza aina mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa sabufa mpya yenye taa za buluu na vispika vitano vidogo vya kutundika pembeni mwa nyumba. Ya pili ilikuwa mtumba: ampulifaya yenye sehemu ya kaseti, na spika mbili ndefu za mbao, moja imemegeka pembe.

"Dada, hiyo ya mbao ni ya wazee," mdogo wangu alisema. "Wageni watadhani kabati. Watatafuta vikombe."

"Nyumba yenu ina vyumba vingapi?" kijana aliuliza.

"Kimoja."

"Basi chukueni sabufa. Vispika vyote vitano vitakuwa vinawatazama mkila."

Akaiunganisha sabufa kwa waya na kuweka kaseti yetu. Ngoma ya kwaya ilipiga mpaka vioo vya kabati lake vikaitika. Mdogo wangu alitikisa kichwa kwa furaha, na watu wawili waliokuwa wakipita walisimama mlangoni. Kimya cha kabla ya kiitikio kilipofika, mvumo wa ngoma ulikuwa bado umetanda. Kiitikio kikaanza.

"Amepita?" kitinda mimba aliuliza.

"Hajasikika."

Nikaomba tujaribu zile za mbao. Kijana alifuta vumbi kwa kiganja, akahamisha kaseti. Kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba kinamama walisimama upande mmoja na wanaume upande mwingine. Nikasikia mtu akikohoa. Ngoma ikakoma, ikakoma kweli, na ndani ya kile kimya mtu alivuta pumzi, sauti moja ya mwanamke ikaingia peke yake. Mara wenzake wakamfikia, wakamfunika.

"Kuna mmoja amekosea," kitinda mimba alisema.

Shangazi alikuwa ameketi juu ya boksi la televisheni bila kuomba ruhusa.

"Ndiye huyo," alisema. "Ndiye wifi yangu. Hata tukitwanga, mimi sijainua mchi, wake umeshatua. Nusura anitoe vidole."

Mtoto alimtazama shangazi, kisha akaitazama spika. "Rudisha," alimwambia kijana. Kijana alirudisha. Akarudisha tena, na safari hii alikwenda kwanza kuzima redio iliyokuwa ikiimba barazani.

Tatizo lilikuwa bei. Ule mtumba ulikuwa ghali kuliko sabufa mpya, na fedha yangu ilitosha sabufa tu. Niliomba apunguze, akapunguza. Niliomba tena, akapunguza kidogo.

"Dada yangu, nikishuka zaidi ya hapo itabidi nikupe na nauli."

Nilianza kuikunja leso. Shangazi akafungua pindo la khanga yake na kutoa fedha ya mbuzi aliyemuuza mnadani.

"Shangazi, hiyo ni ya kaburi," mdogo wangu alisema. Sauti yake ya mzaha ilikuwa imeisha.

"Najua ni ya nini. Mbuzi nilimchunga mimi." Kisha akanigeukia. "Si zawadi, binti yangu. Nakukopesha. Saruji utaileta wewe. Wakiniuliza kule nyumbani nitawaambia mtoto wake mkubwa yuko njiani."

Alirudi kijijini na sukari na mche wa sabuni. Sisi tulilala tumebanwa na spika ambazo hazikuacha nafasi ya kupita. Kitinda mimba aliuimba wimbo ule akifagia, akiota moto, akisuka nywele, na kila kiitikio alikianza kabla ya wakati. Sikumsahihisha. Jioni nikirudi na vidole vilivyochunwa na sabuni, nilikuwa nikiweka upande wa pili, nikakaa karibu na spika ya kinamama nikisubiri. Ni pumzi moja tu na mwanzo wa neno. Nilitamani wenzake wangechelewa kidogo zaidi.

Bunge lilipokaa nilinunua mfuko wa kwanza wa saruji, nikaupakiza kwenye lori la kwenda Chemba. Mvua ya kwanza ya mwaka ikaukuta njiani, juu ya mizigo, bila turubai. Ulifika umeganda ndani ya karatasi yake. Shangazi aliagiza vijana waubebe hivyo hivyo, wakausimika upande wa kichwani mwa mama, penye udongo uliokuwa umeanza kutitia.

Dereva aliporudi aliniletea salamu za shangazi. Anasema mfuko unapendeza pale kaburini, na ng'ombe hawapandi tena juu yake. Lakini ule usiuhesabu kwenye deni.