Nyakerario na Gemu Isiyo na Diski

Nyakerario huchuma chai yake asubuhi, na mchana hufungua chumba chake cha gemu za video hapa Boito. Bonasi ya chai ya mwaka ilipoingia, alienda Kericho kununua gemu mpya ya mpira. Kasha lilikuwa jepesi, lakini muuzaji akamwambia, "Mama, siku hizi ni hivyo."

Kufungua nyumbani, hakuna diski! Ni karatasi ya namba za kupakua gemu kwa intaneti. Siku ya nne leo, imefika asilimia tatu. Mvua ikinyesha mtandao unapotea, na huku hunyesha kila siku.

Jana alitupa lile kasha kwenye mzani wa kituo cha chai, mbele ya karani anayepima majani.

"Karani, kila siku unanikata kilo moja, eti ni uzito wa gunia. Mimi huko Kericho nimeuziwa gunia tupu. Nimshtaki nani?"

Karani akaita mkulima anayefuata.