Utepe Mwekundu Kwenye Chumba cha Vichanga

Mama mdogo wangu alikuwa mkunga, na wenzake wodini walimwita Radi. Si kwamba alikuwa mkali kwa wazazi. Kwa mwanamke mwenye uchungu sauti yake ilikuwa pamba tupu. Radi ilikuwa ya wakubwa. Glavu zikiisha alipiga kelele, maji yakikatika alipiga kelele, hata mganga mkuu akimwona kwenye korido alijifanya yuko kwenye simu. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa usafi pale pale, kazi aliyonitafutia yeye, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu.

Mwaka ule kituo chetu kililetewa mashine za vichanga: kitanda cha joto na mashine ya oksijeni. Fundi aliyezileta alizifunga, akaziwasha, akawafundisha wakunga kuzitumia. Mama mdogo alirudi nyumbani anacheka peke yake. Kesho yake akakuta mlango wa chumba cha mashine umetiwa kufuli, na utepe mwekundu umekatiza kutoka nguzo hadi nguzo.

"Mgeni rasmi hajazindua," mganga mkuu alimwambia.

"Anakuja lini?"

"Tunasubiri ratiba yake."

"Na watoto nao wazaliwe kwa ratiba yake?"

"Dada, usinianze asubuhi yote hii."

Ratiba haikuja. Mimi nikapewa agizo la kuufuta utepe vumbi. Sabuni ya kufulia shuka za wazazi hatukuwa nayo, lakini utepe ulifutwa.

Kisha akaja mke wa fundi seremala, akajifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo kama kiatu, kifua chake kinabonyea kila anapovuta pumzi. Mama mdogo alimfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akakimbilia ufunguo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mganga mkuu, na mganga mkuu alikuwa mjini kikaoni.

"Jitahidini kwa mlivyo navyo," alijibu kwenye simu. "Nikirudi tutazungumza."

Mtoto alikufa kabla ya adhuhuri, kwenye kitanda kilichopakana na chumba kile. Ukuta mmoja tu. Mama yake hakulia kwanza. Aliuliza, "Nesi, kile chumba chenye utepe ni cha nini?"



Nyumbani mama mdogo alisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu zamani. Nilipomwambia aje ale, hakugeuka.

"Niliomba ufunguo kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani," alisema. "Siombi tena."

Haukupita muda mrefu wakazaliwa mapacha. Wa kwanza alilia, wa pili midomo ikawa ya bluu. Mama mdogo alimsaidia kwa pampu ya mkono mpaka akaanza kuhema, lakini kwa kusuasua, mara anavuta, mara anasita. Akamwachia mwenzake pampu, akanigeukia.

"Lete hicho chuma!"

Kilikuwa mguu wa stendi ya dripu iliyovunjika. Alilipiga komeo mpaka likang'oka na vipande vya mbao. Utepe ukabaki. Akaukata kwa mkasi wa kukatia vitovu.

"Nimezindua," alisema, wala hakutabasamu.

Akamlaza mtoto kwenye kitanda cha joto na kumwekea oksijeni, na midomo ikarudiwa na damu polepole. Mganga mkuu alifika mbio, macho yamemtoka.

"Umevunja mali ya umma!"

Mama mdogo alimwonyesha kile kitanda cha joto. "Umma si huyu hapa?"

"Utamwaga unga wewe, nakuambia!"

"Niumwage. Ila toka, unaingiza baridi."

Alitoka, akaagiza fundi seremala aitwe kurekebisha mlango. Hakujua kamwita nani. Fundi alikuja na sanduku lake la zana, akachungulia ndani, akawatazama mapacha kwa muda.

"Ndicho chenyewe?" aliniuliza.

"Ndicho, kaka."

Hakugusa komeo. Alifungua bawaba, akautoa mlango mzima, akaubeba begani na kuondoka nao. Mganga mkuu alimfokea mpaka sauti ikamkauka. Fundi hakugeuka, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Mama mdogo alipewa uhamisho wa haraka, kwenye zahanati ya mbali isiyozalisha, akagawe vidonge vya homa. Mgeni rasmi alikuja baadaye. Wakafunga utepe mpya kwenye uwazi usio na mlango, akaukata, akampongeza mganga mkuu kwa moyo wake wa kujali akina mama. Watu walipiga makofi. Yule mama wa mapacha alikuwa amewaleta kupimwa. Wakamwambia awainue wapigwe picha na mgeni. Aliwageuzia mgongo, akaendelea kunyonyesha.

Nilikwenda kumsimulia mama mdogo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mashine zinafanya kazi?"

"Zinafanya."

"Haya."

Lakini mikono yake ilikuwa imekunja ngumi. Wiki hiyo hiyo alimfuata msimamizi wake mpya mlangoni, akitaka kujua kwa nini wanawake wa pale wanazalia njiani wakati zahanati ina chumba kizima kilichojazwa viti vya wageni.