Nilicheza Maziwa ya Yaya Wangu Mbele ya Watu

Kosa ni langu, simsukumii mtu. Nimeficha jina kwa ajili ya yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa. Mimi sistahili kufichwa. Hata nikiosha vyombo situlii, mikono inarudia mwendo ule niliocheza siku ile.

Niko mchezaji wa dansi hapa Lubumbashi. Siyo dansi ya harusi. Tuko wanawake wanne, tunafanya mazoezi katika salle moja, ukumbi wa mjini, bila viatu, mara nyingi bila muziki. Tunatafuta namna mwili wa mwanamke unavyoweza kusema bila kuomba ruhusa. Siku moja mwalimu wetu alituagiza: «Kila mumoja alete kitu mwili ya mwanamuke inafanya wakati hakuna mwenye kumuangalia.»

Nilijua mara moja nitaleta nini.

Mwaka jana yaya alizaa mtoto ambaye alikuwa amekwisha kufa. Aliporudi nyumbani kwake Ruashi, mume wake akienda mgodini, mimi ndiye niliyebaki naye. Siku ya tatu maziwa yakaja. Nilimfunga kifua na kikwembe, kitambaa chake cha kiunoni, nikakaza ili maziwa yakauke. Akawa anazunguka chumbani, mgongo umepinda, mikono imekandamiza kifua, halafu anasimama ghafula kama amesikia mtoto analia.

Haya yote nikayapeleka kwenye salle. Mwalimu akasema onyesho tulilokuwa tunatayarisha litamalizikia hapo. Nilifurahi, siwezi kusema uongo.

Na yaya mwenyewe nikamwalika! Sikumweleza kitu. Nilijidanganya kwamba ataona ni heshima.

Jumamosi mchana alikaa mstari wa pili, amevaa vizuri. Nilipokaza kikwembe kifuani, nilimwona anainua mikono, anajifunika. Ningeweza kuacha pale. Nilikaza zaidi, kwa sababu watu walikuwa kimya kabisa, na nilipenda kile kimya. Walipopiga makofi, kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilimkuta barabarani.

«Yaya, sikutaja jina yako.»

«Munasema mwanamuke akuwe huru na mwili yake,» akanijibu pole pole. «Na mwili yangu, uliiomba kwa nani?»

Akasimamisha taxi, akaenda.

Ile sehemu nimeiondoa. Mwalimu alikasirika, na mwenzangu mmoja aliniita mwoga. Yaya amenisamehe kwa mdomo. Kila Jumapili ninakwenda kwake, tunapika, tunacheka kidogo. Lakini zamani alikuwa anabadili nguo mbele yangu huku tunaongea. Sasa anaingia chumbani, na ninasikia ufunguo unazunguka.

Wewe unayecheza, unayeandika, unayepiga picha, ukitaka kuonyesha maumivu ya mwenzako, muulize kwanza uso kwa uso. Akikataa, uache.

Usifikiri mimi nilisahau kuuliza. Sikuuliza kwa sababu nilijua atakataa.