Swali la Susu

Leo nimefungua gunia la mbaazi, na ile harufu ya majani makavu ya mwarobaini imenirudisha mbele ya sanduku la mwalimu wetu. Aliyaweka majani hayo ndani ili wadudu wasitafune vitabu vya hadithi. Kila Ijumaa alituazima vitabu tukawasomee watu wa nyumbani, na Jumatatu tumletee maswali yao. "Mtu akisomewa vizuri lazima aulize," alisema.

Mama alikuwa akishinda sokoni Kalamba na kurudi amechoka hata kusikiliza. Mimi niliwasomea mbuzi.

Jumatatu nikasimama darasani. "Susu anauliza, mbona yule mtoto wa hadithi hakurudi kwao?"

Susu, nyanya yangu, tulikuwa tumemzika kabla ya mvua, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyeongoza nyimbo kaburini.

Hakunikemea. Alifuta miwani yake kwa pindo la leso, polepole.

"Mwambie susu, mtoto alikuwa anangoja mtu wa kumwita."

Nilipotoka shule nilipitia kaburini, pale mwisho wa shamba, nikampa susu jibu lake. Halafu nikakaa chini, nikangoja aniite.